Tunakula kwa Jina la Bi Hawa

Jumanne sipokei wateja wa kulipa. Ofisi yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, juu ya duka la vitambaa, na siku hiyo ngazi hujaa watu kuanzia saa mbili asubuhi: wajane wenye bahasha za kaki, vijana waliofukuzwa kazi bila barua, wazee wa Muheza na Pangani waliopanda basi la alfajiri kwa sababu jirani amesogeza mpaka wa shamba la minazi. Nimefanya hivi kwa miaka 11. Kwa muda mrefu niliita kazi hii sadaka, na niliifurahia kama mtu anavyoifurahia sadaka yake. Bibi mmoja ndiye aliyenitoa katika furaha hiyo.

Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Mumewe amefariki. Watoto wa mke mwenzie, ambaye naye alitangulia mbele ya haki, wamekaa kikao bila kumwita, wamempendekeza mmoja wao awe msimamizi wa mirathi, na dalali ameshaonekana uani akipima nyumba kwa hatua. Nilikaa naye karibu saa nzima. Nikamweleza aende mahakama ya mwanzo kuweka pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa. Kwamba muhtasari wa kikao cha familia usio na jina lake ni kasoro ya kutajwa waziwazi mbele ya hakimu. Kwamba achukue cheti cha ndoa na atoe nakala, asimkabidhi mtu asili yake hata akiwa mwanafamilia. Nikamwambia pia kwamba kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu lake yeye mjane ni thumuni, na thumuni hiyo ni yake, wala asikubali kuambiwa atapewa chochote kwa huruma. Nikamwandikia hoja zake kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Akaisoma mwenyewe mara mbili, kidole kikifuata mistari.

Kisha akashika pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekazwa, na vidole vyake vya baridi yabisi havikuliweza upesi. Akalilegeza kwa meno. Ndani mlikuwa na noti mbili za elfu mbili zilizokunjwa mara nne na sarafu moja ya mia tano. Akanyoosha noti moja juu ya meza, akaipapasa kwa kiganja mpaka ikalala.

Nikamwambia, "Bibi, hapana. Leo ni bure. Weka hela yako, utapandia gari."

Hakuirudisha. Akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kutafuta haki yangu, sikuja kuomba. Anayeomba hukaa mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Mimi nimepanda ngazi."

Niliipokea ile elfu mbili. Nikamwandikia stakabadhi, jina lake, tarehe, kiasi, na kwa ajili ya nini. Akaikunja mara nne vilevile, akaifunga pindoni mahali palipokuwa na noti, akaaga. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi polepole, moja moja, na nikajua kwamba kwa miaka yote ile sikuwa nimeliuliza swali la kwanza kabisa: ninachotoa siku ya Jumanne ni changu au ni cha mtu mwingine?

Tofauti si ya maneno. Mwenye kutoa sadaka ndiye bwana wa sadaka. Yeye huchagua siku, huchagua kiasi, huchagua uso wa kumpa, na asipotoa hakuna wa kumgongea mlango. Mwenye deni hana hiari hiyo. Nilipojipima kwa kipimo hiki niliona mambo ambayo sikuyapenda. Jumanne ikiangukia kesi ya mteja mwenye pesa, watu wa Jumanne niliwaambia warudi wiki ijayo, na mtu wa Pangani kurudi wiki ijayo ni nauli ya siku mbili za kula. Majalada yao niliyasoma wakiwa wameshakaa mbele yangu, wakati jalada la mteja wa kulipa nalisoma usiku uliotangulia. Karani wangu aliwaletea chai wateja wa Alhamisi. Wa Jumanne hawakuletewa, na hakuna aliyemwagiza hivyo. Alikuwa amejifunza kwa kunitazama.

Tuliokulia madrasa tulifundishwa zaka mapema. Mwenye mali iliyofikia nisabu na ikakaa mwaka hutoa fungu moja katika arobaini, na wanaostahili wametajwa, makundi manane. Ustadhi wetu alikuwa akisisitiza jambo ambalo utotoni lilinipita: kwamba fungu lile si hisani ya tajiri. Ni haki ya maskini iliyokaa ndani ya mali ya tajiri, kama mzigo wa mtu uliowekwa kwenye ghala la mwingine. Asiyeutoa hajawa bahili tu, amezuia mali ya watu. Na wanazuoni husema elimu nayo ina zaka yake. Nilikuwa nimelisikia hilo mara nyingi kwenye mawaidha bila kujiuliza: ikiwa elimu yangu ya sheria ina haki ya watu ndani yake, ni watu gani hao, na haki yao iliingiaje humo?

Jibu langu limetoka kwenye vitabu vya kesi, si vya dini, na nitalieleza kwa jina la mwanamke mmoja.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Walikuwa mke na mume, wakaachana, na mke akadai sehemu katika nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Hakuwa na mshahara. Alichokuwa nacho ni miaka ya kupika, kufua, kulea na kuangalia nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mahakama inapogawa mali ya ndoa iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi, na majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wengine waliona kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, wengine wakaona ni mchango. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Tangu siku hiyo hakuna wakili nchini anayemtetea mke katika mgawanyo wa mali asiyeanza na maneno hayo: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu.

Mimi nimeyatamka mara nisizoweza kuzihesabu. Nimeyatamka nikiwa nimevaa joho na ukosi mweupe, nikasikia sauti yangu ikipata uzito. Wateja wangu wamepata viwanja, vyumba, mashamba ya michungwa. Nami nimelipwa. Karo za wanangu, sehemu yake, zimetoka humo.

Lakini soma hukumu mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi, naye akazitapanya, na kwa hiyo fungu lake alikuwa ameshalipokea. Rufaa yake ikatupwa. Mwanamke yule aliingia mahakamani kutafuta sehemu ya nyumba, akatoka mikono mitupu, na akawaachia wanawake wote wa nchi hii mlango wazi. Sijui kama kuna aliyemweleza siku ile jina lake limefanya nini.

Miaka saba baadaye, Februari 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilimaliza kesi ya Holaria Pastory. Huyu alikuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, na uzeeni, mwaka 1988, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshitaki akitaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa kwa mila iliyokuwa imeandikwa rasmi mwaka 1963 mwanamke aliweza kutumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na mpwa. Mahakama ya wilaya ikakataa. Jaji James Mwalusanya akasema mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Bibi huyu alishinda, lakini fikiria alivyoshinda: kusimama mbele ya hakimu mara tatu, uzeeni, ukishitakiwa na damu yako, ili uthibitishiwe kwamba ulichopewa na baba yako ni chako.

Sheria tunayoiuza sisi mawakili imefumwa kwa mikasa ya watu kama hawa. Ndiyo maana kesi huitwa kwa majina yao. Daktari akitoa dawa hataji jina la mgonjwa aliyefia katika kuitafuta. Sisi tunalitaja kila siku, kwa sauti, mbele ya watu, halafu tunaandika ankara.

Wakili mwenzangu, hodari kuliko mimi, Mkristo wa Lushoto, hakubaliani nami. Anasema Bi Hawa hakutupa kitu, alikuwa anatafuta nyumba yake; walioweka kanuni ni majaji, na majaji walilipwa mshahara na kodi zetu. Deni, anasema, halitokei mpaka mmoja akopeshe na mwingine akope. Nimelifikiria sana, maana ni hoja nzuri. Lakini mtu akichimba kisima kwa kiu yake, akafa kabla ya kufikia maji, nami nikaja nikachimba pima moja tu nikayapata, siwezi kuuza maji hayo mtaani nikasema sidaiwi na mtu. Aliyekufa simlipi tena. Wanaodai kwa niaba yake ni wale waliosimama sasa mahali alipokuwa amesimama, bila ndoo.

Mwenzangu huyo huyo, kwa uungwana wake, ndiye aliyenikumbusha kwamba katika Biblia ya Kiswahili mtu aliyemuuliza Yesu jirani yake ni nani anaitwa mwanasheria. Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Hilo ndilo swali letu hasa: tupe tafsiri ya neno, tuonyeshe mpaka wa wajibu unaishia wapi, tujue nani yuko nje. Na jibu alilopewa halikuwa tafsiri. Lilikuwa mtu aliyelala barabarani na wapitaji watatu.

Basi Jumanne yangu ikabadilika kidogo kidogo. Majalada nayasoma Jumatatu usiku. Anayetaka kutoa kitu hutoa, na hupewa stakabadhi. Asiye nacho hapewi hotuba ya kwamba ni bure. Na nilianza kufanya kazi na wasaidizi wa kisheria wa kata, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi. Wengi wao si wanasheria. Ni mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Wao ndio wanaojua ni nyumba ipi mjane amefungiwa nje leo, na ndio wanaomwokoa na mawakili vishoka wanaozunguka viwanja vya mahakama na mihuri ya kuchonga. Kila mwaka, katika Wiki ya Sheria, sisi mawakili hukaa chini ya mahema kwenye viwanja vya wazi kutoa ushauri bila malipo, na hilo ni jema. Ila hema huanuliwa. Msaidizi wa kisheria analala mtaa ule ule na tatizo.

Wanachohitaji watu wengi kutoka kwangu, nimegundua, si kusemewa. Kwa miaka mingi sheria haikumruhusu wakili kusimama mahakama ya mwanzo, na huko ndiko ziliko mirathi nyingi za watu wa kawaida. Mtu alisimama mwenyewe. Kwa hiyo kazi yangu kubwa imekuwa ni kuketi na mtu mpaka aweze kuyasema ya kwake kwa mpangilio: kwanza nani alikufa na lini, pili ameacha nani, tatu ameacha nini, na ya mwisho unachoomba. Watu huanza na machungu, na machungu yana haki ya kusikilizwa, lakini hakimu mwenye majalada arobaini asubuhi hiyo atasikia machungu tu na hatasikia dai. Nimemwona mama mmoja akilifanyia mazoezi dai lake mbele ya kioo cha kabati langu la vitabu. Mara ya tano aliinua kidevu. Sijawahi kuona kitu kizuri zaidi ofisini mwangu.

Na yako mambo ya mtaa, ambayo wasomi wa sheria huyakimbia kwa kuona ni madogo. Mkutano wa mtaa unaoitwa bila mapato na matumizi kusomwa. Njia ya makaburini inayozibwa na ukuta wa mtu mmoja. Nilikuwa nikikaa nyuma, nikijiambia siasa si yangu. Lakini tuliosoma sira ya Mtume tunalijua agano la Hilful Fudhul, lililofungwa Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa kwa mkubwa mmoja wa mji, akadhulumiwa malipo, akapanda mlima Abu Qubays akapaza sauti mji mzima usikie. Baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe chake. Mtume alikuwa kijana, alikuwepo, na baadaye katika Uislamu alisema angeitwa tena kwenye agano kama lile angeitika. Kinachonigusa ni kwamba walioapa hawakuwa na kitabu cha dini kilichowaagiza. Walikuwa na mji mmoja. Siku hizi sikai nyuma.

Ningeweza kuishia hapo na insha ingekuwa ya kunipendeza. Lakini liko jambo ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Neno wakili lina uzito ambao sisi wenye kulivaa tumeuzoea mno. Al-Wakiil ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, na tawakali, kumkabidhi yeye mambo yetu, inatoka kwenye shina hilo hilo. Wakili ni anayekabidhiwa. Na iko hadithi mashuhuri, kwa Bukhari na kwa Muslim, ambayo kila wakili Mwislamu angepaswa kuitundika mahali anapotundika shahada yake. Mtume aliwaonya waliomjia na ugomvi kwamba naye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wao akamzidi mwenzake kwa ufasaha. Atakayepewa kwa njia hiyo kilicho haki ya nduguye, ajue amekatiwa kipande cha moto.

Ufasaha ndiyo kazi yangu. Naukodisha.

Kabla sijaanza Jumanne zangu nilimtetea mtu aliyekuwa akiishi katika nyumba ya marehemu baba yake. Dada yake, ndugu pekee, alidai thuluthi, ambayo kwa mirathi ya Kiislamu ni yake bila ubishi: kaka mafungu mawili, dada fungu moja. Baraza la ardhi likampa. Nikakata rufaa Mahakama Kuu, na huko nikaibua jambo ambalo kule chini halikuwa limezungumzwa. Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inatoa miaka 12 kudai ardhi, na kwa ardhi ya marehemu muda huanza kuhesabiwa siku ya kifo. Baba alikuwa amekufa miaka 14 kabla ya dai. Dada hakuwa na wakili. Alipopewa nafasi ya kujibu alisema kwa Kiswahili kwamba mama yao alikuwa hai ndani ya nyumba ile kwa miaka 13, na yeye aliona aibu kudai fungu la nyumba ambayo mama bado analala ndani yake. Jaji alimsikiliza kwa adabu. Muda ni muda. Rufaa ikakubaliwa, na dada akatoka amekumbatia mfuko wa plastiki wenye karatasi zake kama mtu aliyebeba mtoto.

Hakuna aliyesema uongo. Mteja wangu hakusema, mimi sikusema. Sheria ile ina hekima yake pia, kwani bila ukomo wa muda hakuna atakayelala kwa amani juu ya alichonacho. Nikipewa kesi ile leo, kama wakili wa mtu yule, sina hakika kwamba ningekuwa na ruhusa ya kuiacha hoja ile mezani. Hayo yote ni kweli, na thuluthi ya nyumba ile bado ni ya dada.

Jumanne zangu zilianza miezi mitatu baada ya hukumu hiyo. Kwa miaka mingi sikuunganisha mambo haya mawili. Bibi wa pindo la kanga ndiye aliyenifanya niyaunganishe, naye hakujua. Nilimwendea ustadhi wangu wa zamani, sasa mzee asiyetoka nyumbani, nikamuuliza kama watu wote niliowasaidia hawawezi kuhesabiwa upande wa pili wa mizani. Alikaa kimya muda. Akaniambia dhambi baina ya mja na Mola wake, Mola ni mwingi wa rehema. Haki ya mja mwenzio iko kwa mja mwenyewe. Huwezi kumdhulumu Fulani ukawalipa majirani zake. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Huyo dada yuko hai?"

Alikuwa hai. Anaishi Mikanjuni, chumba na sebule, kwa binti yake. Nilikwenda mwezi wa Shaabani, wakati ambao watu wetu hutakana radhi kabla ya kuingia Ramadhani, ili mguu wangu uwe na kisingizio. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Alinitambua kabla sijajitaja. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia nilichokuja kusema, kwa ufupi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa naogopa ufasaha wangu.

Aliendelea kuchambua. Kokoto aliziweka kwenye kifuniko cha chupa. Kisha akamwita mjukuu amletee ule mfuko.

"Hukumu hii," akasema, "nimekaa nayo miaka yote. Imeandikwa Kizungu. Hakuna aliyewahi kunisomea. Wewe unaijua. Nisomee."

Ilitolewa kabla ya mabadiliko ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwa kweli hukumu yake ilikuwa ya Kiingereza, kurasa 12. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikaanza kumtafsiria mstari kwa mstari. Kuisoma hukumu uliyoishinda, kwa lugha ya mama, mbele ya uliyemshinda, hakuna kilichonifundisha kazi yangu kama hicho. Maneno ambayo kwa Kiingereza yalikuwa yamenyooka yalikataa kukaa. Nilifika mahali jaji anapokubaliana na hoja ya wakili wa mrufani kwamba mjibu rufaa "alilalia haki yake", na nikasita.

"Soma tena hapo," akasema. Mkono ulikuwa umesimama juu ya ungo.

Nikasoma tena.

"Hayo ni maneno ya jaji au yako?"

"Ni yangu, mama. Jaji aliyakubali."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu. Tukaendelea mpaka mwisho, mpaka saini na tarehe. Alikuwa amemaliza kuchambua. Akaweka ungo pembeni.

"Na mama yangu yuko ukurasa gani?"

Nikarudi nyuma. Nilipitia kurasa zote 12, mara ya kwanza haraka, mara ya pili kwa kidole. Baba alikuwepo, jina lake na siku aliyokufa. Kaka alikuwepo. Miaka ilikuwepo, 14 kutoa 12. Mama aliyeishi ndani ya nyumba ile miaka 13, ambaye kwa ajili yake binti alinyamaza, hakutajwa mahali popote. Nikamwambia hayumo.

Hakusema kitu kuhusu radhi, nami sikumuuliza tena. Aliinuka akashika ukuta, akaingia ndani, akarudi na kalamu ya mjukuu, yenye kofia iliyotafunwa.

"Basi muandike," akasema.

Nikauliza jina kamili, la mama na la baba yake mama, na mwaka aliofariki. Akanitajia. Nikaliandika pembeni mwa ukurasa wa tisa, karibu na maneno yangu, kwa herufi kubwa ili aweze kulisoma mwenyewe.